Mwacheni Ainuke: Mwongozo wa Mazoezi Tiba kwa Anayeishi na Saratani

Mama yangu mdogo alipoanza tibakemikali ya saratani ya titi, sisi watoto wake tulimhurumia mpaka tukamdhoofisha. Ndoo tulimpokonya, ufagio tukauficha, chai ikawa inamfuata kitandani. Akitaka kusimama, tayari kuna aliyemshika mkono. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali aliaga kwa neno lile lile: "Pumzika, mama, pumzika." Mizunguko sita ya dawa ilipokwisha, uvimbe ulikuwa umesinyaa na daktari alifurahi, lakini mgonjwa wetu hakuweza kuinuka mkekani mpaka avutwe na watu wawili. Sehemu ya nguvu zake ilichukuliwa na dawa. Sehemu nyingine tuliichukua sisi.

Aliyemrudisha ni mtaalamu wa fiziotherapia, dada mpole aliyetembea na futi ya fundi cherehani mfukoni. Siku ya kwanza hakumpa zoezi lolote. Alimkalisha kwenye kiti cha kulia chakula, akamwomba asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30, mikono ikiwa kifuani. Mama mdogo alifika mara nne. Dada yule akaandika 4 kwenye daftari, akasema, "Tunaanzia hapa."

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayetibiwa saratani, na wewe unayemuuguza mtu wako. Ukisoma mpaka mwisho ukakumbuka jambo moja tu, liwe hili: mwili unaotibiwa saratani unahitaji mazoezi, na mazoezi hayo yanahitaji mtu anayeujua ugonjwa wenyewe kuyasimamia.

Uchovu usioponywa na usingizi

Uchovu wa kutoka shambani unautibu kwa kulala. Jioni umechoka, asubuhi umeamka mwepesi. Uchovu wa saratani haujali usingizi. Unalala nao na kuamka nao, na wengi waliopita humo wanasema uliwatesa kuliko kutapika au kunyonyoka nywele.

Ndipo kosa letu sote linapoanzia. Mtu amechoka, tunamwambia alale. Misuli isiyotumika hupungua, tena haraka. Moyo na mapafu navyo huzoea kazi ndogo. Baada ya wiki chache, kwenda chooni na kurudi, jambo ambalo zamani hukulihesabu kuwa kazi, kunakula nusu ya nguvu ulizo nazo. Unachoka zaidi, unalala zaidi, unadhoofika zaidi. Duara hilo halikatiki kwa kulala.

Wauguzi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulihoji kosa hilo kwa vipimo. Katika miaka ya 1980, kule Ohio nchini Marekani, wauguzi watafiti waliwapandisha wanawake waliokuwa kwenye tibakemikali ya saratani ya titi kwenye baiskeli za mazoezi mara tatu kwa wiki, kwa wiki kumi, chini ya uangalizi. Wakati huo wengi waliamini mgonjwa wa namna hiyo asiguswe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989: uwezo wa miili yao wa kufanya kazi uliongezeka, tena wakiwa bado kwenye dawa. Mwaka 2017 tafiti 113 zenye wagonjwa zaidi ya 11,000 zilichambuliwa kwa pamoja, na katika kupunguza uchovu wa saratani, mazoezi pamoja na tiba ya kisaikolojia vilizishinda dawa za vidonge zilizokuwa zikitolewa kwa ajili hiyo.

Kitabu peke yake hakikutosha

Mtu anaweza kuuliza: kama ni kutembea tu, msimamizi wa nini? Nichukue viatu nitoke.

Swali hilo lina jibu zuri. Juni 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika zaidi Kanada na Australia. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kumaliza tibakemikali, waligawanywa makundi mawili kwa kura. Wote walipewa maandishi yanayoeleza faida za mazoezi na chakula bora. Kundi moja likaongezewa mtu: mshauri wa mazoezi aliyekutana nao mara kwa mara kwa miaka mitatu, akiwauliza kilichowakwamisha na kupanga nao upya. Waliongeza mazoezi yanayolingana na kutembea kwa kasi dakika 45 hadi 60, mara tatu au nne kwa wiki. Ilipofika miaka minane, waliokuwa hai katika kundi lenye mshauri walikuwa asilimia 90.3. Katika kundi la maandishi peke yake, asilimia 83.2.

Zisome namba hizo taratibu. Maandishi walikuwa nayo wote, na tofauti ililetwa na yule mtu.

Uchambuzi mwingine wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 4,519 kutoka majaribio 34, ulionyesha jambo hilo hilo kwa saratani za aina nyingi: waliofanya mazoezi chini ya usimamizi walinufaika zaidi, kwa nguvu za mwili na kwa ubora wa maisha, kuliko walioachiwa wafanye wenyewe nyumbani.

Lakini tusivuke mpaka. Utafiti ule wa Kanada na Australia ulihusu saratani ya utumbo mpana, na hauwezi kuwa ahadi ya maisha marefu kwa mwenye saratani ya umio au ya damu. Kinachosimama imara kwa saratani nyingi ni kupungua kwa uchovu, wasiwasi na huzuni, na kuongezeka kwa nguvu na uwezo wa kujihudumia. Tena, washiriki wote wa utafiti ule walikuwa wamekwisha kupata upasuaji na dawa. Akitokea mtu akakuambia mazoezi yanaweza kuchukua nafasi ya dripu au mionzi, usimsikilize.

Umtafute nani, na umtafute wapi

Msimamizi ninayemzungumzia ni mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali. Mwalimu wa jimu ya mtaani anaweza kuwa mtu hodari, lakini hajui saratani iliyoingia kwenye mfupa inafanya nini mtu akiinama na mzigo. Ukiishi Kenya, unaweza kumuuliza mtaalamu leseni yake. Nchi ina baraza la wataalamu hao lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014.

Hospitali za rufaa zina idara ya fiziotherapia, na baadhi ya hospitali za wilaya zina angalau mtu mmoja. Tatizo ni kwamba idara hiyo mara nyingi iko jengo jingine, na kliniki ya saratani imejaa watu, kwa hiyo hakuna anayekumbuka kukupeleka. Katika ratiba ya daktari mwenye wagonjwa hamsini asubuhi moja, mazoezi hayatajwi na mtu. Inabidi uyataje wewe. Sema: "Daktari, naomba barua ya fiziotherapia." Maneno hayo yanatosha.

Kama unatibiwa kwa mionzi, una nafasi ambayo wengi huipoteza. Mionzi hutolewa kwa kawaida siku tano kwa wiki, na kwa saratani nyingi huendelea wiki kadhaa. Wagonjwa wanatoka Kigoma au Mtwara na kukaa Dar es Salaam kwa ndugu, kila siku wakienda hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa ajili ya dakika chache kwenye mashine. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetoka kijijini kwenda Eldoret au Kampala. Nauli umekwisha kulipa, na uko hospitali tayari. Omba siku mbili kati ya hizo tano upitie fiziotherapia kabla ya kurudi nyumbani.

Ukiwa mbali na hospitali, usikate tamaa. Usimamizi si lazima uwe wa kila siku. Hata mara moja kila wiki mbili au tatu, siku hiyo hiyo ya kliniki, pamoja na simu moja katikati, ni bora mara nyingi kuliko kufanya peke yako. Siku zilizobaki anayekuangalia ni mtu wa nyumbani aliyefundishwa na mtaalamu mbele yako. Nenda naye. Mtu huyo ajue zoezi lenyewe, idadi, na dalili za kusimamisha.

Siku ya kwanza

Chukua faili au picha za karatasi zako kwenye simu: aina ya saratani, upasuaji uliofanyiwa, dawa unazotumia na majibu ya karibuni ya kipimo cha damu. Ukiulizwa maswali mengi, shukuru. Ukipewa orodha ya mazoezi bila kuulizwa kitu, uliza wewe.

Swali la kwanza ni mifupa. Saratani za titi, tezi dume na mapafu hupenda kusambaa kwenye uti wa mgongo, nyonga na mapaja. Mwenye hali hiyo bado anaweza kufanya mazoezi, lakini kuinama na mzigo, kujikunja kiuno kwa nguvu na kuruka ni marufuku kwake, na mazoezi hupangwa kukwepa pale mfupa ulipo dhaifu. Swali la pili ni moyo, kwa kuwa baadhi ya dawa, kama doksorubisini ile nyekundu, zinaweza kuuchosha. La tatu ni ganzi ya miguu na vidole, inayoletwa na dawa kama paklitakseli na sisplatini. Mwenye ganzi asifanye mazoezi na kandambili. Avae viatu vilivyofunikwa, akague nyayo zake kila jioni, na mazoezi ya kusimama ayafanye karibu na meza ya kushikilia. Mwenye mfuko wa choo tumboni baada ya upasuaji wa utumbo aseme, ili asipewe mazoezi ya kukaza tumbo yanayoweza kuleta ngiri.

Kisha utapimwa. Kusimama na kukaa kwa sekunde 30. Umbali unaotembea kwa dakika 6. Mkono unafika wapi ukiuinua. Namba hizo si mtihani wa kufaulu. Ni mahali pa kuanzia, na baada ya wiki nne zitakuonyesha jambo ambalo kioo hakikuonyeshi.

Utaulizwa pia unataka nini. Usijibu "afya njema". Taja kitu. Mama mdogo alisema anataka kuswali amesimama, rakaa nne za adhuhuri bila kiti. Mtaalamu hakucheka wala hakumpa hotuba. Mazoezi yote ya miezi miwili aliyapanga kuelekea hapo, kusimama, kuinama taratibu, kushuka sakafuni na kuinuka. Mwingine atataka kupanda daladala bila kusukumwa, au kumbeba mjukuu. Zoezi lenye jina la kitu unachokipenda halisahauliki.

Mkono ule ulioambiwa usibebe kitu

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu saratani ya titi ni miongoni mwa zinazowapata wanawake wetu zaidi, na kwa sababu maneno yaliyosemwa kuhusu mkono huu yamewafunga wengi.

Katika upasuaji wa titi, mara nyingi tezi za kwapani huondolewa. Tezi hizo zilikuwa njia ya kupitishia majimaji ya mkono. Zikipungua, majimaji yanaweza kujaa, na mkono ukavimba wiki, miezi au hata miaka baadaye. Kwa woga huo wanawake waliambiwa kwa miaka mingi: mkono huu usibebe kitu. Kwa mwanamke wa kwetu neno hilo ni kifungo. Atachotaje maji, atasongaje ugali, atambebaje mtoto?

Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Kathryn Schmitz, na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwisha kuvimba. Nusu yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki. Walianza na uzito mdogo, wakaongeza kidogo kidogo, wakiwa wamevaa soksi ya mkono inayobana, na wiki 13 za mwanzo walikuwa na mwalimu. Ndani ya mwaka huo, ugonjwa wa uvimbe uliwazidia asilimia 14 ya walionyanyua, na asilimia 29 ya wasionyanyua. Mkono ulioachwa ukae ndio ulioumia zaidi.

Kwa hiyo mambo huenda hivi. Siku za mwanzo baada ya upasuaji, mrija wa kutoa majimaji ukiwa bado upo, unafumba na kufumbua ngumi, unakunja kiwiko, unazungusha mabega taratibu, na mkono hauuinui kupita usawa wa bega. Mrija ukitolewa na daktari akiridhika na kidonda, unaanza kupanda. Simama ukiutazama ukuta, tembeza vidole kwenda juu kama buibui, weka alama ya chaki pale ulipofika, kesho jaribu kuipita kwa upana wa kidole. Shika khanga iliyokunjwa kwa mikono yote miwili, inua juu ya kichwa, mkono mzima ukiusaidia ule mwenzake. Nchini Uingereza wanawake 392 walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2021 ambalo nusu yao walianza programu ya fiziotherapia siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji. Mwaka mmoja baadaye mabega na mikono yao ilifanya kazi vizuri kuliko ya waliopewa kijitabu tu. Bega lililogandishwa na woga husumbua hata kwenye mionzi, maana ili titi lipigwe mionzi vizuri mkono hulazwa juu ya kichwa.

Uzito unafuata baadaye, ukiwa na msimamizi. Chupa ya nusu lita yenye maji inatosha kuanzia. Pima mkono kwa futi mara moja kwa mwezi, mahali pale pale, na uandike. Ukihisi mkono mzito au bangili inabana kuliko jana, punguza uzito na umwone mtaalamu.

Kupanga wiki

Kipimo kinachopendekezwa na wataalamu wa kimataifa tangu 2019 ni mazoezi ya kuhema, kama kutembea kwa kasi, dakika 30 mara tatu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili. Usikichukue kama sharti la Jumatatu ijayo. Mtu aliyetoka kitandani anaweza kuanza na dakika 5 asubuhi na 5 jioni, akiongeza dakika moja au mbili kila baada ya siku chache. Waliofika kwenye 30 wengi walianzia huko.

Ukali unaujua kwa mdomo wako. Ukiwa unatembea, uweze kuzungumza sentensi nzima na uliye naye lakini usiweze kuimba kaswida. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Tembea alfajiri au jua linapotua. Joto la pwani si rafiki wa mtu mwenye damu pungufu.

Mazoezi ya nguvu hayahitaji jimu. Kusimama na kukaa kwenye kiti kisichoyumba, kusukuma ukuta kwa viganja, kupanda kipandio kimoja na kushuka, kunyanyua visigino ukishika meza. Mara 8 hadi 10, pumzika, rudia. Zoezi likiwa rahisi kwa siku mbili mfululizo, mwambie msimamizi aongeze. Usipoongeza kamwe, mwili nao hauongezi kitu.

Na ufuate mzunguko wa dawa. Dawa nyingi hutolewa kila baada ya siku 21. Siku tatu au nne za kwanza ni za kichefuchefu na kuvunjika mwili: punguza, lakini usifute, hata kuzunguka ua mara mbili kunahesabika. Takriban siku ya 7 hadi ya 14 kinga huwa imeshuka zaidi, kwa hiyo kaa mbali na msongamano, fanya mazoezi nyumbani. Wiki ya mwisho kabla ya dripu inayofuata ndiyo wiki yako. Itumie vizuri.

Siku za kutofanya

Usifanye mazoezi ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi. Hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo, maana mwenye kinga iliyoshuka anaweza kuzidiwa kwa saa chache. Usifanye ukiwa unatapika au kuharisha mfululizo, au umeambiwa damu imeshuka sana, au unatokwa damu puani na kwenye fizi, mpaka daktari aseme.

Simamisha mara moja ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, nenda hospitali. Huenda ni damu iliyoganda. Na hili walijue watu wote wa nyumba: mwenye saratani akipata maumivu mapya ya mgongo, miguu ikalegea, au mkojo ukakataa kutoka, asisuguliwe dawa ya kuchua wala asisubiri kliniki ya Alhamisi. Huenda uti wa mgongo unabanwa, na saa zinazopotea ndizo zinazoamua kama atatembea tena.

Kwenu mnaouguza

Mnampenda, na mikono yenu inakimbilia kumshika kabla hajaomba. Kaeni karibu, mikono iwe tayari, lakini mwacheni ainuke. Akichelewa kufika mlangoni, subirini. Mwachieni kazi moja ya nyumba iwe yake, ya kiasi cha nguvu zake: kuchambua mchele ameketi leo, kuanika nguo nyepesi mwezi ujao. Mtembee naye, maana anayetembea na mwenzake hukosa visingizio.

Mama mdogo alipopimwa tena baada ya wiki kumi alisimama na kukaa mara kumi na moja kwa sekunde zile zile 30. Mkeka wake wa kuswalia haukuwa tena na kiti pembeni.

Wewe ambaye kliniki yako ni wiki ijayo, kabla hujatoka kwenye chumba cha daktari, omba barua ya fiziotherapia. Ukiambiwa haihitajiki, omba tena.